Fundi Goubert na Mfalme Mpya

Anselme Goubert alikuwa fundi wa kutandaza mawe ya barabara mtaani kwetu, Paris. Julai ile ya 1830 tulipomchoka Mfalme Charles, aliyang'oa mawe yale kwa mikono yake, akajenga kizuizi, akapigana nyuma yake. Mwenye nyumba wetu, Bwana Lachenal, alipigana pia: alipigana na kiu, chini ghalani, katikati ya mapipa ya mvinyo.

Charles alipokimbia, Lachenal aliibuka na utepe wa rangi tatu za mapinduzi kifuani.

"Tumeshinda, Goubert!"

"Tumeshinda, bwana. Sasa na mie nitapiga kura?"

"Wewe? Kura ni ya walipa kodi kubwa, ndugu yangu. Watu wenye cha kupoteza."

Goubert, aliyempoteza kaka yake nyuma ya kizuizi kile, aliokota nyundo yake akaenda zake.

Tukaambiwa tumshangilie mfalme mwingine, binamu wa yule yule, na Goubert akaitwa arudishe mawe. Mkewe, Honorine, alimletea mkate na jibini, akamkuta anayapanga juu ya mchanga bila kuyashindilia.

"Baba wee, mbona yanacheza?"

"Yaache yacheze, mke wangu. Mfalme huyu naye bado hatujamjua."