Mkaguzi wa Mashimo ya Kingi

Wiki iliyopita, msomaji wangu, habari zilinifikia kutoka milima ya Masisi kwamba yule mkaguzi wa usafi katika eneo la mwami, yaani chifu wa huko, amefariki. Tumbo lilimsumbua kwa majuma matatu, kisha basi. Wengi watamkumbuka kwa ile fimbo yake ya kupimia mashimo ya takataka. Mimi nilikuwa karani wa kituo cha serikali, na ripoti zake zote zilipita kwenye mashine yangu ya kuandikia. Tangu nisikie habari hizi sina raha, na leo nitasema kwa nini.

Siku zile sheria iliagiza kila kaya ichimbe shimo la taka, na asiye nalo alifungwa. Siku moja nilifuatana naye hadi kijiji cha Kingi, nikaona mambo. Mashimo yote yalikuwepo, marefu kama sheria ilivyotaka, na yote yalikuwa matupu, yamefagiwa hadi chini! Mama mmoja mkulima alitueleza kwa fahari: "Papa, hii shimo tunaifagia kila siku we unapita. Takataka tunaipeleka mu ndizi, njo chakula yake." Kumbe taka ndizo zilikuwa mbolea ya migomba yake! Mimi nilicheka mpaka nikageuka pembeni. Mkaguzi hakucheka. Njiani aliniambia kwamba mama yule anaijua kazi ya taka kuliko walioandika sheria, kisha akaandika kwamba shimo lipo.

Taka zenye kudhuru zilikuwa zetu. Kila asubuhi wafungwa walibeba mapipa ya kituo, yenye makopo, mafuta machafu na bandeji za zahanati, wakayamwaga korongoni, juu ya kijito ambamo watu wa Kingi walichota maji na wafugaji walinywesha ng'ombe. Mvua ikinyesha, bandeji ziliteremka hadi mahali pa kuchotea. Mkaguzi aliwasihi watu wasiyanywe maji yale. Walimuuliza wanywe yapi, maana hata mke wake alichota papo hapo. Akaniomba nitie mstari mmoja kwenye ripoti, kwamba taka za kituo zihamishwe. Niliutia mara tatu, na mara tatu Bwana Mkubwa, mkuu wa kituo, aliukata kwa wino mwekundu, akimkumbusha kwamba yeye ni wa kukagua vijiji, kituo hakimhusu.

Mara ya nne alikuja mvua zimeshika, na Kingi walikuwa wamezika watoto wawili waliokufa kwa kuhara. Nilikuwa nimechoka, na niliiogopea kazi yangu. Nikamwambia utepe wa mashine umekwisha wino. Utepe ulikuwa mpya, na yeye aliuona. Akasema polepole, "Haina neno, kaka. Na weye uko na batoto." Akakunja karatasi yake, akatoka, na hakuniomba tena. Baadaye mimi nilihamishiwa mbali, yeye akabaki kuyanywa maji yale miaka yote.

Sidhani kama mstari wa nne ungehamisha hata pipa moja. Pengine ungekatwa kama ile mitatu, na naona aibu kwamba hilo linanifariji. Lakini kifo chake kimenifunza, nami nimechelewa: sisi wadogo hatuwezi kumzuia mkubwa asikate maneno yetu, ila tusimsaidie kwa kuyakata kabla hayajaandikwa.