Mji Niliompokonya Abdalla

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kibokoni, mtu hakuhitaji pasi ya kusafiria ili amiliki mji. Alihitaji kitendawili kigumu tu. Tukishatoka chuo cha Kurani na kuswali Maghribi, tulikaa kwenye baraza ya nyumba yetu, mawe yake yangali na joto la mchana, na harufu ya viazi karai vya jirani ikitutesa. Mmoja alitega. Wengine wakishindwa, alidai, "Nipeni mji!" Wakampa Lamu, au Unguja, au Bombei. Naye alisafiri papo hapo alipokaa: "Nimekwenda Bombei, nimekula halua mpaka nimevimbiwa, na ninyi nimewaletea sahani mrambe!" Ndipo atoe jibu.

Mtaani kwetu tuliongeza sheria yetu: mji ukishatolewa, hautolewi tena mpaka mwezi mwingine uandame. Sheria hiyo ilitusomesha jiografia kuliko mwalimu yeyote. Tulisoma maandishi ya makasha ya chai, mikebe ya biskuti na kalenda za maduka ya Wahindi. Rafiki yangu Abdalla, ambaye babake alikuwa baharia, ndiye aliyekuwa tajiri wetu. Alitamka "Valparaiso" kwa maringo, akidondosha kila silabi kama anayegawa zabibu, na sisi tukamwambia mji huo kautunga mwenyewe.

Mamangu alikuwa akitusikiza kutoka dirishani. Akimsikia mtu amenong'onezwa jibu, sauti yake ilishuka kama ndoo ya maji: "Anayeibia mchezoni, kesho ataibia mizani!" Mwenye kosa hakukanyaga baraza siku tatu.

Tulitawanyika. Abdalla alikwenda Maskati ndevu zake hazijatimia, na mimi nikabaki hapa hapa kisiwani nikisomesha watoto Kurani, kazi ninayomshukuru Mola kwayo. Kisha, miaka michache iliyopita, Bi Nuru, jirani yetu wa siku zile na mwalimu mstaafu wa jiografia, akatukusanya katika kundi la Wasap alilolipa jina "Nipe Mji". Kila Ijumaa baada ya Alasiri hutupa swali moja la nchi, mito au mipaka. Wa kwanza kujibu hupewa mji na aliyeshinda wiki iliyopita. Ila kwa kuwa sisi ni watu wazima, mji unaotolewa lazima uwe ule uliopata kukaa, na uutoe pamoja na habari zake. Na ni mwiko kuuliza simu.

Mjukuu wangu Salma hutucheka. Yeye ana mchezo wake: huonyeshwa picha ya barabara tupu akataja nchi. "Hiyo ni Brazili, babu. Tazama nguzo za stima." Na huwa Brazili kweli! Lakini nikimtuma sokoni Marikiti, mwendo wa dakika chache, hufungua ramani.

Ijumaa moja Bi Nuru aliuliza: "Nchi gani ambayo mtu wake akitaka kufika bahari kuu, hata akipita njia fupi, hana budi avuke nchi mbili?" Mimi ni mtu wa kisiwa, sikuwahi kufikiria dhiki ya namna hiyo. Nikaona kwenye kioo cha simu kwamba Abdalla anaandika. Ndiye aliyeshinda wiki iliyopita, na kila akishinda hunitumia ujumbe wa sauti: "Maalim, umelala?" Kidole changu kikatangulia kabla ya akili. Niliuliza simu. Nikaandika: Uzibekistani.

"Mashallah!" akasema Bi Nuru. "Mwaona faida ya elimu? Bukhara ya wanazuoni wa hadithi si iko huko? Maalim ameipata vitabuni!" Wanafunzi wangu wa zamani waliomo kundini, wengine sasa ni mababu, wakanimiminia dua. Sikuwasahihisha.

Kisha Abdalla, mshindi aliyepitwa, akatuma sauti yake. Ilikuwa nyembamba. "Hongera, Maalim. Maskati nimeshatoa, Matrah nimeshatoa, Dubai nimeshatoa. Miji yangu imekwisha. Nakupa Mvita yetu, tulikokulia. Mimi nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na daktari amenambia habari ya safari niisahau. Uchukue wewe. Unisalimie watu."

Nilikaa na tasbihi mkononi nisijue nimefika ya ngapi. Nilikuwa nimempokonya mgonjwa mji wake wa mwisho kwa jibu lisilo langu. Nikajaribu kujipunguzia: nitamwambia yeye peke yake, faragha. Lakini nimesomesha maisha yangu yote kwamba haki ya mja humalizwa na mja mwenyewe, na mimi sifa nilizipokea mbele ya watu. Je, wale niliowachapa kwa kunakiliana mbao zao za chuoni watanionaje?

"Babu, si mchezo tu?" Salma akaniambia. "Kila mtu huangalia."

"Mamangu, bibi yako mkubwa, angenitoa barazani."

Nilirekodi, nikafuta. Nikarekodi tena, nikafuta. Mara ya tatu nikasema: "Assalamu alaikum. Jibu lile sikulijua. Niliuliza simu. Abdalla, nisamehe, na mji wako nakurudishia."

 Kisha Bi Nuru akaandika, "Maalim! Wewe?" Yale maneno mawili yaliniuma, na nilistahili.

Abdalla alikawia mpaka karibu na Maghribi. Sauti yake ilipokuja, ilianza kwa kicheko kilichogeuka kikohozi. "Mwizi wee! Mchana kweupe, na kilemba kichwani! Nimekusamehe, dunia na akhera. Lakini hutoki bure. Nipe mji wewe sasa, na uwe uliokaa."

Mimi sijapata kukaa mji mwingine. Nikamwambia, "Nina huu mmoja tu. Ndio huo huo wako."

"Basi nimeuchukua mara mbili," akasema. "Tangu leo wewe ni mpangaji. Kodi yangu ni habari. Kila asubuhi unambie nani kafa, nani kaoa, na kahawa ya leo ilikuwaje."

Nami nalipa. Kila nikitoka Alfajiri husimama karibu na muuza kahawa, nikarekodi vikombe vyake vinavyogongana na watu wanaosabahiana, nikamtumia. Huniuliza maswali: ule mlango wa nakshi upo? Mbona leo kunguru wengi? Siku nyingine hajibu mpaka jioni, na siku hizo huwa nzito kwangu.

Wenzangu wa rika langu, mwakumbuka tulivyokuwa tukigawa miji pale barazani? Tulitoa Kairo, tukatoa London, tukatoa Valparaiso na bahari yake, na hatukuumia, kwa kuwa hatukuwa na mtu huko. Vijana wa leo wanaiona yote kwenye kioo, hata nguzo za stima, nao pia hawaumii. Sisi tumezeeka, na hakuna mji tunaoweza kuutaja sasa ila una mtu wetu ndani yake, anayengoja tumuulize ameamkaje.