Mdudu wa Karai na Mdudu wa Chupa

Wanaume wengine wa ploti yetu hapa Kariobangi wakistaafu hurudi kwao kufuga kuku. Wangu alipostaafu ukarani aliniletea wadudu wawili nyumbani.

Wa kwanza alimtoa kwenye vumbi chini ya ngazi. Mdogo kama punje ya mchele, tumbo nene, kazi yake kuchimba kishimo, kujifukia na kungoja sisimizi ateleze. Mzee alimweka pamoja na vumbi lake katika karai langu la kufulia. Wa pili, mtoto wa kereng'ende, alitoka kwenye dimbwi nyuma ya gereji. Huyo alikaa ndani ya chupa, rangi ya tope, bila kutikisika mpaka kiluwiluwi cha mbu kipite, ndipo mdomo ukamchomoka kama mkono wa mwizi.

"Wa chupa ni hodari zaidi," mzee aliniambia. "Wa karai hungoja kuangukiwa."

"Wote wavivu," nikasema. "Nirudishie karai."

Hakurudisha. Akina mama wa kanisa walipokuja kwa maombi, mwenyekiti wetu aliona chupa na karai la vumbi mlangoni pa roshani, akauliza kuna nini ndani. Aliuliza kwa adabu tu.

"Huyu wa majini, mama, hupumua kwa nyuma," mume wangu akaeleza, birika la chai mkononi. "Maji huyavuta huko huko kwenye haja kubwa. Akitishwa, huyasukuma kwa nguvu, naye akasonga mbele."

Mama mmoja akaweka kikombe chini.

"Na yule wa vumbi?" mwenyekiti akauliza.

"Huyo hana njia ya haja kubwa kabisa. Huzuia mpaka aote mabawa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenyekiti alicheka mpaka kilemba kikalegea.

Wageni walipoondoka nikamwambia mzee awatupe.

"Mama watoto, umewahi hata kuwaangalia?"

Nilikuwa nimewaangalia, siku moja alipokwenda dukani. Niliona domo na tumbo, mmoja kajificha vumbini, mwingine matopeni, wote wakila wanyonge wanaojipitia. Sikuona cha kusifu.

Mwezi uliofuata akina mama wale wale walivua viatu, wakaipita meza yenye chapati zangu za moto, wakaenda moja kwa moja roshani. Mume wangu akawavutia viti. Mimi nikazifunika chapati.