Mwisho wa Wimbo wa Kinu

Sauti ninayoikumbuka kwanza si ya mtu. Ni ya kaseti kabla muziki haujaanza: ule mvumo mwembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango, unaokuambia unyamaze kwa sababu kuna kitu kinakuja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi iliyoota kuzunguka majengo ya gereza la zamani, katika wilaya ya Dowa, si mbali na Lilongwe, ambako upepo wa msimu wa baridi hupita bila kubisha hodi. Redio ya kaseti ilikuwa ya Papa Shabani, jirani yetu, mtu wa Kindu aliyeuza sabuni, chumvi na viberiti mbele ya nyumba yake ya udongo. Yeye alikuwa Mwislamu wa sala tano, sisi tulikuwa walokole wa Bujumbura, na kati ya mlango wake na wetu palikuwa na njia iliyokanyagwa hadi ikang'aa. Kazi yangu ilikuwa kuanika betri zake juu ya bati ili jua lizirudishie nguvu kidogo. Hata leo nikishika betri yenye joto kiganjani, nasikia ule mvumo, na moyo wangu unakaa kimya kusubiri.

Katika kaseti zake chache palikuwa na moja isiyo na jalada wala maandishi, na ndani yake wimbo wa roki wa Wazungu, wa zamani hata wakati ule. Hakuna aliyejua jina lake wala maneno yake, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa bado hakijatufikia. Sisi watoto tuliuita Wimbo wa Kinu, maana ngoma zake zilitwanga kama mama wawili wanaopokezana michi, na juu ya mitwango hiyo gitaa lilipanda, likapanda, mpaka ukasahau kupumua. Papa Shabani alipenda kuuweka jioni akihesabu sabuni zake. "Mi sijue ile muzungu anasema nini," alikuwa akisema, "lakini iko analia kabisa. Mutu mwenye kulia vile, Mungu anamusikia."

Dada yangu Espérance, aliyekuwa na miaka kumi na sita, aliusikia wimbo ule akaacha kuchambua maharage. Yeye ndiye aliyekuwa na gitaa la kanisa. Ilikuwa ajabu, kwa sababu katika kanisa letu gitaa lilishikwa na wanaume. Lakini mpigaji wetu alikuwa amehama nchi, gitaa likabaki kwenye kona linapigwa na vumbi, na dada akawa analifuta kila Jumamosi alipofagia. Kufuta kukawa kugusa, kugusa kukawa kupiga. Nyuzi zilizokatika alizibadilisha kwa nyuzi alizochambua kutoka waya wa breki ya baiskeli, na vidole vyake vikaota sugu kama vya mlimaji. Shule alikuwa ameiacha njiani tulipokimbia, pamoja na marafiki na kila kitu kilichomfanya ajulikane kuwa yeye ni nani. Gitaa tu ndilo lililomrudishia jina. Mzee Zakaria, mkuu wa wazee wa kanisa, mtu mrefu wa koti jeusi, hakupendezwa. Mchungaji ndiye aliyesema msichana aachwe ajaribu. Naye huyohuyo alituruhusu sisi wanakwaya kuuchukua ule wimbo na kuuvika maneno ya sifa kwa Kiswahili. "Nyumba aliyoijenga asiyeamini," alisema, "ukipewa, si unaifagia na kuingia?"

Sasa lazima nieleze jinsi tulivyojifunza nyimbo, maana yote yalitokana na hapo. Kwetu kaseti ilikuwa mwalimu, na mwalimu hasahihishwi. Kwaya iliketi chini kuzunguka redio, ikasikiliza, ikarudia, ikasikiliza tena, na aliyeongeza hata pumzi yake mwenyewe aliambiwa anaharibu. Kaseti ile ilikuwa imetafunwa mahali pamoja, sauti ikawa inayumba pale kama mlevi kwenye ngazi. Basi nasi tulijifunza kuyumba palepale, wote kwa pamoja, kwa bidii kubwa. Nilikuja kujua baada ya miaka kwamba wimbo ule ulirekodiwa katika chumba kilichofungwa, kila chombo kikasafishwa na kuwekwa mahali pake kama sahani kabatini. Ndivyo ulivyosikika. Mwimbaji alikuwa karibu na sikio lako, hakohoi, hakosei. Na mwishoni hausimami. Unaondoka. Wanarudia maneno yaleyale, lakini kila mara kwa mbali zaidi, kana kwamba wanatembea huku wakiimba na kupotelea nyuma ya kilima, hadi ubaki na mvumo wa mafuta peke yake. Sisi hatukujua kwamba ni fundi aliyekuwa akishusha sauti kwa kidole. Tulidhani Wazungu ndivyo wanavyomaliza nyimbo. Tukajizoeza kuondoka: tulipunguza sauti kidogo kidogo, tukainamisha vichwa, mstari wa nyuma ukaketi, kisha wa katikati, kisha wa mbele.

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, lakini hawakutuambia mwisho wake ni nini. Jumapili tulipouimba kwa mara ya kwanza, mwanzo ulikuwa lele kweli. Watu walisimama, mama walipiga vigelegele. Kisha tukaanza kuondoka. Sauti zikashuka. Mstari wa nyuma ukaketi. Watu wakatazamana, hawajui kama wapige makofi au waombe. Désiré, mpiga ngoma wetu, aligusa pipa lake la plastiki kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayepapasa mlango gizani. Kanisa likawa kimya kabisa, na katika ukimya ule mtoto mdogo wa Mama Nadine, aliyekuwa mgongoni mwa mama yake, akapaza sauti: "Mama! Mapile imekufa!"

Betri zimekufa! Kanisa zima liliangua kicheko. Mchungaji mwenyewe aliuficha uso nyuma ya leso. Kufikia jioni tulikuwa tumepewa jina, na hata kwenye bomba la maji wanawake waliokuwa foleni walituimbia kwa sauti inayozimika: "Kwaya ya Mapile, karibuni maji!" Mimi nililia. Espérance hakulia, ila siku iliyofuata Mzee Zakaria alikuja nyumbani, akakataa kuketi. Alimwambia baba kwamba tumealikwa kuimba Lilongwe, katika kanisa la wenyeji, kwenye ibada ya shukrani ya mavuno, na mwaliko haurudishwi. "Lakini wakituaibisha na huko," alisema, "gitaa litarudi kwa wanaume. Nimenena." Baba aliitikia kwa kichwa. Dada alilitazama gitaa lililokuwa limelala juu ya mkeka wetu, kama mama anayeambiwa kwamba mtoto si wake.

Alikuwa na wazo moja tu, na alilisema usiku ule wakati wa maombi, kwa sauti, kana kwamba anamshitakia Mungu: wale watu lazima waliwahi kuuimba wimbo ule wakiwa wamesimama mbele ya wenzao, na mbele ya watu huwezi kuzimika, lazima umalize. Basi mwisho upo, mahali fulani. Papa Shabani aliposikia alisema anakwenda Lilongwe kununua bidhaa katika soko la Tsoka, na pale kuna mtu wa kaseti. "Tuende, batoto. Mwenye kutafuta njo mwenye kupata." Mama akatufungia viazi vitamu, tukapanda minibasi, tukapita Lumbadzi tukiwa tumebanwa na magunia, dada akiwa na gitaa miguuni.

Kibanda cha kaseti kilikuwa kimekaa kati ya wauza nguo za mitumba na mtu wa usipa mkavu, na harufu ya samaki ilikuwa imeingia hata kwenye muziki. Mwenye kibanda, kijana wa kofia ya sufu, alituuliza kwa lugha ya wenyeji, "Mukufuna chiyani, achemwali?" na alipoona tumeduwaa akageukia Kiswahili cha Mbeya, alikozoea kufuata bidhaa. "Mnataka wimbo gani, dada zangu?" Hatukujua jina. "Basi uimbeni." Dada alipiga gitaa, mimi nikatwanga kwa mdomo, tu-tu, tu-tu, muuza usipa akaanza kucheza, na mwishoni tukazimika kama kaseti yetu. Yule kijana alicheka hadi akashika meza. "Huo! Huo mlio nao ni ule wa chumbani. Ngojeni niwape wa uwanjani."

Aliweka kaseti, na tulichosikia kilikuwa mvua ikipiga bati. Nilimvuta dada nguo nikamwambia imeharibika. Lakini mvua ile ilikuwa watu, watu wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja, wakipiga kelele za furaha tupu. Nami mpaka siku ile umati ukipiga kelele nilijua kukimbia tu. Gitaa likaingia ndani ya kelele, taratibu mno, likazunguka, likachelewa, kama mgeni anayesalimia kila mtu kabla ya kuketi. Mwimbaji alikuwa amekauka koo. Ngoma zilikimbia mbele kisha zikangojana. Na katikati, pale ambapo kwenye kaseti yetu sauti iliyumba, huyu hakuyumba, alisahau maneno! Tulisikia wazi alivyokwama, na kabla hajaaibika ule umati wote ukamwimbia mstari wake, naye akacheka ndani ya wimbo na kuendelea. Papa Shabani akasema, "Ona, ona, bamemubeba!" Kisha mwisho ukafika. Kinu kilitwanga kwa nguvu, kikasimama ghafla. Kimya cha pumzi moja. Pigo moja la mwisho, wote pamoja, kama mlango wa chuma. Na mvua ikaanza upya. Espérance alikuwa tayari ameweka vidole kwenye nyuzi. Hatukuweza kuinunua, lakini yule kijana, Mungu amkumbuke, aliirudisha nyuma kila tulipomwomba, mpaka jua likapita juu ya paa na vidole vya dada vikawa vimeujua mwisho.

Kambini haikuwa rahisi. Désiré aligoma. "Kaseti ni kaseti," alisema. "Ile ya chumbani ni safi. Hii yenu ni makelele, hata muimbaji hajui wimbo wake." Mzee Zakaria, alipopita na kusikia mazoezi, alituonya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Dada hakubishana. Alisema tu kwamba ya kwanza ilitufundisha wimbo, na hatutaidharau; tutaanza kama yenyewe, safi, kila sauti mahali pake, ila tutamaliza kama watu. Subira huvuta heri. Siku ya pili Désiré alirudi na pipa lake, akasema amekuja kuchungulia tu, na kufikia jioni ndiye aliyekuwa akitufokea tulipochelewa kwenye pigo la mwisho.

Kanisa la Lilongwe lilikuwa la matofali ya kuchoma, na mbele yake yalikuwa yamepangwa mahindi, maboga na karanga za shukrani. Tuliimba tukiwa na viatu vya kuazima. Ubeti wa pili ulikuwa wangu peke yangu. Nilifungua kinywa, nikaona nyuso zile zote, na maneno yakaruka kama ndege kwenye mtama. Hakuna hata neno. Nilimwona Mzee Zakaria akishusha macho. Lakini gitaa halikusimama. Espérance alinitazama, akatabasamu kabisa, nami nikamkumbuka yule mtu aliyekwama mbele ya umati wake. Nikainua mikono kuwaelekea watu. Hawakujua Kiswahili chetu, lakini "Haleluya" ya kiitikio walikuwa wamekwisha kuishika, nao wakaipaza, benchi kwa benchi, mpaka ikanibeba na maneno yangu yakarudi. Tukapanda. Désiré akatwanga. Tukasimama ghafla, na katika kimya kile nilisikia njiwa kwenye mbao za dari. Kisha pigo. Kanisa lilipasuka kwa shangwe, vigelegele na miguu, na maboga yakabingirika. Na juu ya kelele zote, sauti moja nzito ya koti jeusi: "Mwisho! Rudieni huo mwisho!" Tuliurudia, na Mzee Zakaria akapiga pigo lile kwa fimbo yake sakafuni, akawahi, akakosea, akacheka. Hakulidai tena gitaa lile maisha yake yote. Tulipofika Dzaleka habari ilikuwa imetutangulia, na yule mtoto wa Mama Nadine alitupokea barabarani akiruka: "Mapile mpya! Mapile mpya!"

Leo mimi ni mzee wa kanisa, niliyewekwa kabla mvi hazijakubaliana na cheo. Rekodi zote mbili ninazo kwenye simu, na huzisikiliza kwa zamu. Ya chumbani nikitaka kutulia, ya uwanjani nikitaka kushukuru. Vijana wetu siku hizi hurekodi studio, muziki wao ukakaa kwenye flashi, nao huimba juu yake Jumapili bila kukosea hata pumzi. Siwalaumu. Nasi tulimtii mwalimu wetu wa plastiki. Lakini Jumapili iliyopita, katikati ya wimbo, umeme ulikatika. Spika zikanyamaza, vijana wakabaki na midomo wazi, na ukimya ule niliujua. Kabla mtoto yeyote hajasema neno, nilisikia upande wa akina mama uzi wa gitaa ukijaribiwa: Espérance, na miwani yake puani, na wasichana anaowafundisha, kila mmoja na gitaa lake. Nikaanza kutwanga kwa viganja. Watu wakaingia mmoja mmoja, kisha wote, wengine mbele, wengine nyuma, koo kavu, bila mashine, tukapanda mpaka juu kabisa, tukasimama.

Pumzi moja.

Tukamaliza pamoja.