Nilimkaribisha kwa Mdomo

Atakayecheka na acheke sasa hivi, kisha anisikilize. Haya sikuhadithiwa wala sikuyaota. Yamenikuta mimi mwenyewe, ndani ya fleti yetu ya Peckham, na wa kulaumiwa ni mimi.

Kiangazi kilichopita tulikwenda Antalya, Uturuki, mimi, mume wangu na binti yetu Nasra. Si unajua tena, skuli zikifungwa London nzima inakimbilia jua. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, tulimwacha. Magoti yake hayawezi ngazi, tunakaa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa mbovu. Hizo ndizo sababu tulizowapa watu. Mama ni mtu wa Pemba, na tangu aje Uingereza hajatia mguu baharini.

Asubuhi ya safari mdogo wangu Salma alikuja kukaa naye. Masanduku yako mlangoni, nikambusu Mama mkono, nikamwambia, "Haya Mama, karibu twende."

Kwetu ndivyo tusemavyo. Hata mwenye andazi moja mkononi hukukaribisha, nawe ukamjibu "Starehe," yakaisha. Nani aliyekaribishwa namna hiyo akaja kweli?

Mama akanitazama usoni. "Nimekaribia," akasema.

Nikacheka, nikashuka ngazi na sanduku langu.

Huko tulifurahi, sikufichi. Jioni tuliyorudi, Salma alitufungulia mlango kanuna. Mama kamtia hofu wiki nzima, akasema. "Kila mchana analala, namwita haitiki! Pumzi ipo, mwili baridi. Akiamka anataka maji tu."

Nikamuuliza kama alimtoa nje kidogo.

"Nimtoe vipi, nimbebe mgongoni? Lifti si ndiyo ile ile!"

Nikaingia chumbani kwa Mama. Niamini, chumba kilinuka bahari. Nilidhani ni nguo zangu mwenyewe. Nikakaa kitandani nimsugue miguu kwa mafuta, kama nifanyavyo kila jioni, nikafunua shuka. Katikati ya vidole vyake mlikuwa na mchanga, na mchanga wenyewe ulikuwa bado mbichi.

"Maji ya huko vuguvugu," Mama akasema, "lakini chumvi yake kali kuliko ya kwetu. Na lile tikiti mlilonunua halikuwa limeiva."

Kweli halikuwa limeiva. Mkono wangu ukabaki pale pale juu ya mguu wake.

"Usilie. Ulimwambia haki mumeo. Mngekuja na mimi msingepumzika."

Maneno hayo niliyasema mimi, tumesimama maji ya kifua, nimemwinamia mume wangu sikioni. Hapakuwa na mtu karibu. Niliyasema nikacheka, na yeye akacheka. Sasa niambie wewe, mtu aliyelala Peckham aliyasikia vipi?

Nikatoka nikamuuliza Nasra. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia vizuri, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza chake. Akaniambia, wala hakuinua macho kwenye simu, kwamba Bibi alikuwa akikaa pembeni mwa maji kila siku, viatu kavipakata. Yeye alidhani tumegombana. Maana nilikuwa nampita Bibi nikienda kuogelea, nampita nikirudi, na hata siku moja sikumwamkia.

Wallahi sikumwona. Lakini ukinibana sana, hata hilo siku hizi sina hakika nalo. Huenda nilimwona mzee kakaa peke yake, nikageuza uso kama tunavyogeuza.

Lifti imeshatengenezwa. Mwaka huu nilimwambia Mama tunakwenda naye, na kiti chake cha magurudumu, na safari hii kila neno lilitoka moyoni. Akanipapasa shavu. "Nishakwenda, mwanangu. Nishaona." Hakuwa na hasira hata chembe. Heri angenitukana, ningepata usingizi.

Basi wewe unayefunga sanduku na nyumbani kwako una mzee, usimkaribishe kwa mdomo. Mchukue, au umwambie kweli kwamba humchukui, akasirike yaishe. Na kama ulimi ushakuponyoka, ukifika ufukweni watazame vizuri waliokaa peke yao kabla hujaanza kusema. Ukimwona, mwamkie.