Kimya cha Pampu

Juzi pale Makupa, pikapu kuukuu iliyobeba sufuria za biriani ya harusi ilizimika katikati ya barabara, tukaizunguka kutazama. Fundi wa magari aliyeitwa akainama, akatega sikio kwenye tangi la mafuta. "Jamani, nyamazeni kidogo! Dereva akiwasha, nataka kusikia kama pampu iliyomo ndani inanguruma."

"Nyamazeni!" akafoka muuza mahamri.

"Kelele ni zako wewe!" akajibiwa.

"Betri hiyo, yakhe," akasema mzee mmoja. Mimi nami nikapaza sauti kuomba utulivu.

Fundi alichoka nasi. Akalaza kiganja kwenye tangi, akamwashiria dereva azungushe ufunguo. Tangi halikutetema hata kidogo. "Pampu imekufa," akasema.

Biriani ilifika harusini kwa tuktuk. Kati yetu sote, iliyojua kunyamaza ni pampu peke yake, tena baada ya kufa.