Foleni ya Mawe Kwenye Kompyuta

Mama alinipa mpaka siku ya mnada: nimwonyeshe nilichojifunza kwenye kompyuta, la sivyo nirudi kijijini Kiriba nikaanike dagaa. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba tele, sukari tele, na chumba kimoja cha mafunzo pale Iringo, mjini, kikapata kompyuta. Niliipenda mpaka naiota. Nirudi kwenye dagaa? Thubutu!

Wiki ile mwalimu alitufundisha kitu kinaitwa itereta. Mimi nilikiita mpitaji. Unaipa kompyuta orodha, halafu unatengeneza mpitaji wa kuipitia. Ukimwambia lete anayefuata, analeta mmoja tu, anasimama, anakumbuka alipofika. Nilicheka peke yangu darasani. Si ndiyo foleni ya duka la ushirika hii! Enzi za shida, nikiwa mdogo, mama alikuwa anaweka jiwe lake kwenye foleni alfajiri, anakwenda shambani, jiwe linamshikia nafasi. Muuzaji anaita jiwe baada ya jiwe. Sukari ikiisha, basi tena. Na iliisha kabla ya jiwe la mama, kila mara.

Basi nikaiandika foleni ileile: fundi cherehani, mama wa mandazi, mke wa katekista, na wengine wote, mwisho kabisa mama. Nikaijaribu, wakapita wote bila kukwama. Nilirukaruka mpaka mwalimu akaniambia nitavunja kiti.

Siku ya mnada mama akaingia na kapu lake.

"Haya, inafanya nini hiyo?"

"Ni ile foleni ya duka la ushirika. Bonyeza hapa, Mama."

Akabonyeza. Kioo kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Foleni yenyewe iko wapi?"

Nikaanza kusikia harufu ya dagaa. Halafu nikakumbuka. Kumbe mpitaji yule nilimmaliza mwenyewe kwenye majaribio! Foleni ipo vilevile, ila yeye ameshafika mwisho, na akifika mwisho harudi nyuma. Nikaandika mstari mmoja, nikatengeneza mpitaji mpya.

"Bonyeza sasa!"

Kioo kikaandika: Fundi cherehani, amepata sukari.

"Heee! Huyu alikuwaga anasukuma watu!" Akabonyeza. Mama wa mandazi, amepata sukari. "Na huyu jiwe lake lilikuwaga linatembea lenyewe!"

Tulicheka mpaka mbavu zinauma. Kila jirani aliyetokea alipewa neno lake na mama. Kisha ikafika zamu ya mama mwenyewe, kidole chake kikabaki hewani.

"Sukari itakuwa imebaki kweli?"

"Bonyeza tu, Mama."

Akabonyeza. Mama, amepata sukari.

Alipiga kigelegele mpaka wenye duka la jirani wakaja kuchungulia. Nililia, nikacheka, vyote pamoja. Yeye akaweka kapu chini, akavuta kiti, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Dagaa nitaanika mwenyewe," akasema. "Wewe tengeneza mpitaji mwingine, nipate tena."